Siku Niliyolinywesha Gari Uji wa Mama

Nianze kwa kukubali tu, maana hata nisipokubali kuna mtu wa Manga atakuja kuwaambia na ataongeza yake: ni mimi niliyelinywesha gari uji. Si gari la mtoto la mabua, ni gari la watu wazima lenye injini na namba, nikalifungua mdomo nikamimina uji wa wimbi mpaka ukafika shingoni, na nilikuwa na akili zangu zote. Mnaponiona kanisani siku ya Sabato nimejifunga kitambaa cheupe mnanipa kiti cha mbele, hamjui mnamkalisha nani. Shule nilifika darasa la tatu nikatolewa nikalime, kwa hivyo kalamu yangu inatembea polepole, mnivumilie, lakini majina nayakumbuka yote, ya watu na ya ng'ombe, isipokuwa jina moja ambalo nalijua vizuri kabisa na sitaliandika, mtaona kwa nini.

Ilikuwa miaka ile ya sitini ikielekea kwisha, nami nilikuwa na mwaka wa pili tangu niolewe Sironga na Zablon. Zablon alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa mabega tu bila sauti (hata sasa nikiona mtu mbele yangu mabega yanamtikisika naangalia mara mbili). Nyumbani kwetu nilikozaliwa ni Manga, kule juu kwenye ukingo wa mlima, na ubaya wa Sironga ni kwamba mlima wetu unaonekana. Nikipepeta wimbi nauona, nikianika nguo nauona, nikikaa mlangoni jioni nauona umegeuka bluu na moshi unapanda, najiambia ule moshi wa tatu kutoka kwenye mikaratusi ni wa mama. Labda haukuwa wake, lakini nilimpa yeye. Siku hizo mke mgeni hakuamka tu akaenda kwao kwa sababu ana hamu. Aende kwa sababu, aruhusiwe, apelekwe, na mimi nilikuwa nimemaliza mwaka mzima sijamwona mama.

Gari lilitoka kwa kaka yangu Ombati. Ombati alikuwa dereva kwenye mashamba ya chai upande wa Kericho, na mzungu wake alipofunga virago alimwachia gari lake kuukuu kwa bei ya kuagana, rangi ya maziwa, viti vya ngozi vilivyopasuka, mlango mmoja unafunguka kwa nje tu. Akaliendesha mpaka mke wake Bosibori akamwambia achague, kulisha mtoto ama kulisha gari. Ndipo akamwuzia Zablon kwa ng'ombe wawili, Malaika na Sigara (Sigara aliitwa hivyo kwa kuwa alikula tumbaku ya jirani). Na mjue jambo hili, ndipo mtaelewa mengine: Ombati alimwoa Bosibori kwa ng'ombe zangu, yaani wale waliotoka Sironga kuja kunichukua mimi ndio walioendelea na safari kwenda kumleta yeye. Ndiyo desturi yetu. Kaka wa namna hiyo mmefungwa kamba moja, na nyumba zenu mbili zikikosana, wewe uliye katikati ndiye unayefungiwa njia ya kwenu.

Siku ya kulikabidhi, Ombati hakuficha kitu, nilikuwepo nikasikia kwa masikio yangu.

"Shemeji, rejeta ina tundu," alimwambia Zablon, akagonga lile tangi la mbele linalotiwa maji ili injini ipoe. "Tundu dogo, la kupita sindano. Kwenye tambarare hutalijua. Ukipanda mlima ndiyo utajua, gari litakunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Beba maji kila safari, na yawe safi."

Zablon akanigeukia. "Kemunto, umesikia? Maji ya gari ni kazi yako."

Nikasema nimesikia. Na kweli nilisikia.

Sasa mama, jina lake Nyaboke, alikuwa ameanza kuingia ukungu machoni. Alituma neno kwa mwanamke mmoja wa soko, Moraa wa Obare, kwamba anataka tumlete gari alione kabla ukungu haujafunga kabisa, na kwamba nije na uji wa mkono wangu, mwembamba, uliochachuka siku mbili, kwa sababu Bosibori alikuwa akimpikia uji wa kusimamisha mwiko. Zablon akasema Jumapili tutaenda. Nawaambia wiki hiyo sikulala vizuri. Nilisaga wimbi na mama mkwe, sisi wawili kwenye jiwe moja, nikachanganya na mhogo kidogo kama mama alivyopenda, nikapika, nikauweka kwenye kibuyu uchachuke, na kibuyu kingine kikubwa nikakijaza maji ya chemchemi ya gari.

Baba mkwe akasema naye anaenda, kwa sababu gari la mwanawe haliwezi kwenda ukweni bila yeye kuonekana ndani yake. Hapo shida ikaanza kabla hata injini haijawaka, maana kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni, heshima kati ya mke na baba mkwe. Sikai karibu naye, sipiti mbele yake ovyo, jina lake silitaji (hata leo, na amelala kaburini miaka mingi), na kumkuta mahali anapooga au anapojisitiri, hilo hata kulifikiria ni balaa. Sasa gari ni chumba kidogo chenye magurudumu, tutakaaje? Walikaa kikao nyumba nzima. Mwishowe baba mkwe akaketi mbele kushoto, mama mkwe Kwamboka nyuma yake, mimi nyuma ya Zablon, na katikati mama mkwe akaning'iniza leso, nikasafiri kama kuku ndani ya kapu. Kwa tundu la leso nilikuwa naona kofia ya baba mkwe tu.

Zablon udereva alikuwa amejifunza miezi miwili, gia alizijua mbili. Tukateremka bondeni, na mvua ilikuwa imenyesha, gari likazama kwenye tope. Mimi na mama mkwe tukashuka tukasukuma, baba mkwe akibaki ndani akitoa amri. Likatoka. Lakini niangalie miguu yangu! Nilikuwa nimevaa viatu vyeupe, vya kwanza maishani mwangu, Zablon alininunulia Kisii mjini, na nilivivaa kwa hesabu zangu mwenyewe: kitu cheupe hata jicho la ukungu hukiona kwa mbali, nilitaka mama aanze kuniona nikiwa bado njiani. Sasa vimekuwa rangi ya tope. Nikakitazama kibuyu cha maji. Nikajiambia, kidogo tu. Nikaosha kiatu kimoja kikang'aa, cha pili kikawa kinaonewa, nikaosha cha pili, halafu miguu nayo ikawa inaviaibisha viatu, nikaosha miguu, na nilipoinua kibuyu kilikuwa chepesi kama kofia. Nikasema moyoni, njia nzima ina vijito, nitajaza mbele. Huo ndio uamuzi wenyewe, hakuna mwingine. Yote yaliyofuata yalizaliwa na viatu.

Tulipoanza kupanda mlima wa Manga gari likaanza kuguna. Kona ya kwanza likaguna, ya pili likatoa moshi mweupe, ya tatu Zablon akalisimamisha na kupaza sauti: "Linachemka! Mama, weka mawe chini ya magurudumu! Kemunto, maji!"

Handibreki ya gari lile ilikuwa ya mapambo, kwa hivyo Zablon hakuweza kushuka, alikuwa amekanyaga breki kwa miguu miwili, jasho linamtoka. Mama mkwe akaenda kutafuta mawe. Baba mkwe akashuka, akajinyoosha, akatazama kushoto, akatazama kulia, akateremka vichakani taratibu akifungua vifungo vya koti.

Na kijito kilikuwa huko huko. Nilikisikia kabisa kinacheka chini ya miti, hatua thelathini, njia moja tu ya kushukia, na njia hiyo ndiyo aliyoingia baba mkwe kwa shughuli zake. Nikasimama na kibuyu kitupu kama mtu aliyechorwa. Nishuke nimkute? Heri gari liungue. Nipige kelele kumwonya ninakuja? Nimwambie mume wangu, samahani, siwezi kwenda majini kwa sababu baba yako... hapana, mdomo wangu haukuumbwa kwa sentensi hiyo.

"Kemunto! Mguu unakufa ganzi!"

"Naja!"

Nikafungua boneti, nikaweka leso iliyokunjwa mara nne juu ya kifuniko, nikangoja moshi upungue kama Ombati alivyotuonyesha, nikafungua. Ndani kulikuwa kukavu. Nikatazama kibuyu cha pili, cha uji. Na sasa niwaambie nilivyofikiri, kwa sababu watu hudhani sikufikiri: uji ni nini? Ni maji na unga. Wa mama ulikuwa mwembamba, maji mengi unga kidogo. Mtu akiunywa anapata nguvu ya kupanda mlima, sasa kwa nini gari lisipate? Nikamimina wote. Gari likanywa likanyamaza. Nikafunga.

"Umejaza?" Zablon akauliza.

"Limeshiba," nikasema. (Sikusema uongo.)

Tukaendelea, na kwa muda likaenda vizuri mpaka nikaanza kujivuna. Halafu mama mkwe akainua pua.

"Nasikia harufu ya uji unaoungua."

"Ni kibuyu, Mama."

"Kibuyu kinaungua?"

Nilikuwa namwomba Mungu gari lifike tu, kutoka sokoni mpaka kwa mama ni kilima kimoja, hata mbuzi mzee anakimaliza. Lakini Mungu siku hiyo alikuwa na mipango yake, maana tulipofika katikati ya soko la Manga, watu wamejaa, na kaka yangu Ombati amesimama pale kwa koti la harusi yake akitungoja atutangulie nyumbani, kifuniko cha rejeta kililia paa! kama bunduki, boneti ikaruka, na povu la kahawia likapanda juu likashuka likienea kote, kwenye kioo, kwenye ndizi za watu, kwenye kofia ya Mzee Momanyi aliyekuwa ameinama kutazama taa. Soko lote likaja. Hakuna aliyebaki na mali yake.

Akaitwa Fundi Onsongo. Onsongo alikuwa na karakana kando ya barabara kule Masimba, na siku za soko alipanda Manga kutengeneza baiskeli. Magari alikuwa ameyafungua mawili maishani mwake, moja likakubali kufungwa tena. Akaweka kidole kwenye rejeta, akakitoa kimepakwa kahawia, akakisugua kwa kidole gumba, akafumba macho kama daktari.

"Mnaona rangi hii? Kama chai ya maziwa. Maji ya gari hayawi hivi. Oili ya injini imevuka ikaingia kwenye maji. Gasketi ya hedi, ile inayozuia oili isikutane na maji, imekwisha, pengine na injini yenyewe imepasuka." Akafuta kidole kwenye suruali. "Ugonjwa huu si wa leo. Aliyewauzia alijua."

Macho yote yakamgeukia Ombati. Nikaona uso wa kaka yangu ukibadilika, na mimi nimekaa nyuma ya leso yangu, mlango wangu ndio ule unaofunguka kwa nje tu.

Baba mkwe akashuka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyatumia yote. "Ombati, tulikupa ng'ombe wazima wawili, ukatupa maiti iliyopakwa rangi. Sisi hatufiki kwenu leo. Tunageuka hapa hapa. Na mke wetu hatakanyaga boma lenu mpaka Malaika na Sigara warudi Sironga."

"Mzee wangu," Ombati akasema, "tundu la rejeta nililisema. Gasketi haina kitu."

"Fundi amesema."

Jamani. Kilima kile kimoja tu kilichobaki, moshi wa mama nauona juu ya mikaratusi, na nasikia njia yangu inafungwa kwa sauti, mbele ya watu. Nikagonga kioo mama mkwe akanifungulia.

"Mama, kuna kitu nataka kusema."

"Nyamaza, wanaume wanazungumza."

Nikaenda kwa Zablon nikamvuta mkono wa shati. "Zablon, lile gari..."

"Kemunto, si sasa."

Na mbele yangu baba mkwe amesimama katikati ya duara. Niingie duara analosimama yeye, nipaze sauti? Nikajiambia, Ombati ni dereva wa miaka mingi, atajitetea, mimi nitakuja kumwambia Zablon usiku polepole.

Na kweli Ombati alianza kujitetea, na vizuri. "Onsongo, vuta kijiti cha oili." Kikavutwa, kikafutwa, kikarudishwa, kikavutwa tena. Oili nyeusi, safi, haina hata tone la maji. "Ni gasketi gani hiyo inayopeleka oili kwenye maji na kamwe hairudishi maji kwenye oili?"

"Huwa inatokea," Onsongo akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Lete karai lenye maji safi. Oili huelea, hata mtoto anajua."

Bosibori, aliyekuja sokoni na mumewe, akakimbia akaleta karai. Wakachota lile povu wakalitia humo, soko lote likainama, hata mbuzi wakanyamaza. Juu hakukuelea kitu. Hakukuwa na ile rangi ya upinde wa mvua ambayo oili huchora. Ila polepole, kahawia ikaanza kushuka, ikatulia chini ya karai kama mchanga laini. Nikashusha pumzi. Nikasema asante Mungu, ameokoka bila mimi.

Onsongo akatia mkono, akainua yale mashapo, akayatazama. Halafu akatabasamu, na tabasamu lile nalikumbuka kuliko la mume wangu siku ya harusi.

"Huu ni unga! Sasa nimeelewa. Hii ni hila ya wauza magari, wanatia unga kwenye rejeta inayovuja ili uzibe tundu mpaka mnunuzi afike kwake. Ombati, wewe uliziba tundu kwa unga!"

Mnaona? Ukweli ulikuwa umekaribia hatua moja, na kila ulivyokaribia ndivyo ulivyomzamisha kaka yangu. Gasketi mtu anaweza kuwa hakujua. Unga hauingii wenyewe. Watu wakaanza kupiga miluzi. "Mwizi wa mashemeji!" mmoja akasema (ni Nyangau wa Orina, nakumbuka, alikuwa na deni lake la chuki la tangu utotoni). Na Ombati, ambaye nilimjua tangu nikiwa sina meno, angejitetea na nini? Hata yeye alikuwa anautazama unga ule na hauelewi.

Hapo mama mkwe Kwamboka akapenya. Akachovya kidole kwenye karai, akakitia mdomoni. Akaonja. Akaonja tena. Wimbi tulilosaga sisi wawili kwenye jiwe moja, lenye mhogo kidogo, lililochacha siku mbili. Akainua macho akanitazama mimi moja kwa moja, akafuta kidole kwenye leso yake. Aliniachia niseme mwenyewe.

Ombati akasema taratibu, "Njooni kesho mchukue ng'ombe zenu," akageuka kuelekea nyumbani peke yake.

"Ni mimi!"

Sikujua sauti yangu ni kubwa kiasi kile. Nilikuwa katikati ya duara, sijui nilifikaje. "Ni uji! Ni uji wangu! Nimetia mimi kule mlimani. Ombati hajui kitu!"

Baba mkwe hakunitazama, hakuweza kunitazama, alimtazama Zablon. "Muulize mke wako, maji ya gari tuliyobeba yalikwenda wapi?"

"Kemunto, baba anauliza maji yalikwenda wapi?"

"Mwambie baba niliosha viatu."

Wanawake wakaanza kukohoa vikohozi vya uongo.

"Muulize, na pale gari liliposimama si kuna kijito hapo chini? Hata mimi nilikisikia. Kwa nini hakushuka kuchota?"

"Kemunto, kwa nini hukushuka?"

Nikatazama chini. Viatu vyangu vilikuwa vimerukiwa na uji. "Mwambie baba, kijitoni kulikuwa na mtu."

"Muulize ni mtu gani," baba mkwe akasema kwa hasira. "Mimi nilikuwa huko huko, na sikuona mtu!"

Nilisimama tu, soko zima likanitazama mimi, likamtazama yeye, likanitazama mimi tena. Wa kwanza kuelewa alikuwa mama mkwe, nilimsikia akipiga yowe la kicheko akajiziba kwa leso. Halafu Bosibori. Halafu Mzee Momanyi akavua kofia yake yenye uji akafunika uso. Kikaenda kicheko kile mpaka kwa wauza vyungu waliokuwa mbali hawajui kinachochekwa, nao wakacheka. Mimi nilitamani mlima upasuke unimeze. Baba mkwe alisimama wima, mikono juu ya bakora, uso haukusogea, na nikajua sasa ndiyo mwisho wangu, nimemvua nguo mzee wa watu sokoni ukweni.

Akangoja mpaka wakachoka.

"Zablon," akasema. "Mwambie mke wako, gari amelifanyia vibaya sana." Akakohoa. "Lakini mimi amenifanyia vizuri."

Halafu akamgeukia kaka yangu aliyekuwa amesimama njiani. "Mkwe, tundu ulilitaja siku ya kwanza. Neno langu la leo nimelirudisha mdomoni. Tafuta vijana wenye mabega, tulipandishe hili gari, mama yenu asingoje."

Ndivyo tulivyofika kwa mama, gari mbele, soko nyuma likisukuma na kuimba, baba mkwe ndani peke yake kama chifu. Mama alikuwa amesimama kwenye ua na mkono juu ya macho, anasikiliza.

"Gari lenu halina sauti?" akauliza.

"Linasukumwa, Mama."

"Basi ni zuri, halisumbui watu." Akanishika uso kwa mikono miwili, vidole vikatembea mpaka masikioni, kisha akauliza uji uko wapi. Nikamwambia yote, tangu tope mpaka kijito. Mama alicheka akashindwa kusimama, akaketi chini kwenye nyasi, nikaketi naye, akaegemea bega langu akicheka na kufuta macho yale yasiyoona vizuri, na alinuka moshi na majani ya ndizi, na sijawahi kuketi mahali pazuri kama pale.

Rejeta ilioshwa siku tatu, maji yakitoka na madonge. Zablon hakunigombeza, alikuwa akipita jikoni nikikoroga uji mabega yanaanza kutikisika. Gari lilitumika miaka mingine minne, tukalibadilisha kwa ng'ombe wa maziwa, na wengi wa waliokuwa sokoni siku ile nimewazika, mmoja mmoja, nikiwaimbia. Ombati naye mwaka juzi. Mama ukungu ulimfunga macho yote mawili kabla ya mavuno ya mwaka uliofuata, lakini njia ya Manga haikufungwa, niliipanda kwa miguu kila nilipoweza, na kila nilipofika kwenye ua alinijua kwa hatua.

Siku hizi wana lami hadi juu, mwanangu ananiambia ni safari ya dakika chache, panda mama nikupeleke. Napanda. Nikiona amefungua boneti nakaa mbali, mikono nyuma. Niliapa sokoni pale pale kwamba nikiwa na neno, hata likiwa la aibu namna gani, sitalikalia mpaka mtu mwingine aumie nalo, nitalisema pale pale. Basi leo nina hili: nikifika Manga nashuka, naenda mpaka kwenye ua, nakanyaga kwa nguvu kidogo ili nisikike, na hakuna aliyebaki wa kunijua kwa hatua.